Kiraka cha Mtani

Watani hawaalikwi. Wanakuja wenyewe, na wakija hujui watabeba nini. Ndiyo maana siku ya misa ya kumaliza mwaka wa marehemu Galus Lulandala, dada yake Imelda alizifungia sufuria zote chumbani isipokuwa mbili zilizokuwa motoni, akakaa mlangoni na fimbo mapajani, akiwasubiri Wangoni.

Wahehe na Wangoni walipigana zamani hizo mpaka wakachoka, kisha wakaona ni nafuu kutaniana. Babu zetu walikuwa na busara kuliko sisi. Mtani akija msibani kwako anakutukana, anaiga marehemu alivyokuwa akitembea, anakwambia hulii vizuri, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukinuna, aibu ni yako.

Walifika kundi zima, wengine wamevaa makoti nyuma mbele, na wa mwisho kuingia uani alikuwa Otilia Komba. Alikuwa amejifunga kilemba. Chini ya kilemba lilikuwepo kovu lililoanzia nyuma ya sikio la kushoto likapanda mpaka utosini. Yeye na Galus walikuwa wakisomea shahada ya uzamivu pamoja, maabara moja, msimamizi mmoja, na walikuwa gari moja siku lori la magogo lilipotokea ukunguni kwenye mteremko wa Lukumburu. Galus alikufa hospitalini. Otilia alitolewa kipande cha fuvu, akawekewa kiraka kwenye ubongo, akarudi duniani.

Kwa hiyo zamu yake ilipofika watu walisogea karibu. Huyu ndiye aliyekuwa mtani wa marehemu hasa, aliyekuwa akimfichia viatu na kumwita mla mbwa, kama Wahehe wanavyotaniwa, mbele ya wageni. Otilia alikuwa amejiandaa. Alitaka kuuliza mbwa wa mtaa huu wamekwenda wapi, mbona kumekuwa kimya. Akafungua kinywa.

"Nyie Wangoni," akasema, "mnajisifu eti babu zenu walitembea kwa miguu kutoka Uzulu. Sawa. Walifika mpaka Ufipa kule juu, salama kabisa. Mbona waligeuza wakarudi kusini? Waligeuza kwa sababu mzee mmoja alikumbuka ameacha kata ya pombe njiani. Kabila zima likarudi kutafuta kata."

Uani pakalipuka kicheko. Mngoni anajitukana mwenyewe, tena kwa ufundi. Mwanamume mmoja alijifuta machozi akasema mwacheni, ni kichwa hicho, bado hakijakaa sawa, na watu wakacheka tena. Otilia naye alicheka, maana ungefanyaje, lakini hakujua maneno yale yametoka wapi.

Imelda hakucheka. Alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, na utani ule aliujua ulikozaliwa. Aliutunga yeye na mdogo wake walipokuwa watoto, yeye akikariri safari ya Wangoni kwa ajili ya mtihani, Galus akimsikiliza juu ya kitanda. Hawakuwahi kumwambia mtu. Galus alikuwa akisema ni utani mzuri mno kuwapa Wangoni bure, anautunza kwa siku ya harusi ya Otilia.

Akamshika Otilia mkono, akamwingiza jikoni, akaegesha mlango.

"Nani alikwambia hiyo habari ya kata?"

"Nimeitunga sasa hivi, dada."

"Hukuitunga." Imelda alikuwa akisema taratibu, kama anavyosema na mwanafunzi aliyenakili. "Nilikuwa namwitaje Galus tukiwa wawili tu?"

Otilia alitaka kusema hajui, na kweli hakujua. "Bwana Shauri," mdomo wake ukasema. "Kwa sababu nilikuwa naamua kesi za bata."

Nilikuwa, alisema. Imelda alikaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake jeupe la misa.

*

Kiraka ni wavu mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unatandazwa juu ya sehemu ya ubongo iliyokufa. Ukitandazwa hivi hivi haufanyi kazi yoyote. Lazima upandwe mbegu, yaani ufundishwe mwendo wa akili ya mtu mzima, kisha pole pole uzoeane na ubongo uliobaki na kuusaidia kubeba. Sheria inataka mbegu iwe ya mchanganyiko: watu wengi waliojitolea kwa hiari yao, wakasagwa pamoja kama unga wa lishe ili asisikike mmoja wao. Otilia aliambiwa hospitalini kwamba yake ni ya mchanganyiko. Hakuulizwa zaidi. Mgonjwa haulizwi uji.

Kabla ya mbegu kushika aliishi miezi ambayo angetoa chochote aisahau, na ndiyo pekee aliyoikumbuka vizuri. Kijiko alikiita mvua. Dirisha hakuwa na jina lake kabisa, alilinyooshea kidole akalia. Mwanamke mmoja alikuwa akija kila siku kumwogesha na kumlisha, na alikuwa akitoka nje kulia, na Otilia alijiuliza huyu mama ana msiba gani. Alikuwa mama yake mzazi.

Kisha maneno yakarudi. Baada ya maneno kikarudi kisomo, na baada ya kisomo ikarudi tasnifu. Utafiti wake ulikuwa wa kusikiliza mizizi. Alikuwa akichomeka sindano katika mashamba ya mahindi, sindano zinazonasa vishindo vidogo ambavyo mizizi hutoa ukame unapokaribia, majuma kadhaa kabla jani halijajikunja. Mkulima akizipata habari hizo mapema anabadili mbegu, anaokoa mwaka wake. Ila katika mashamba yaliyolimwa kwa trekta mizizi ilikaa kimya, na hapo ndipo kila mtu alipokwama, Galus akiwemo, ambaye alikuwa akilichimba swali hilohilo kutoka upande mwingine.

Jibu lilimjia Otilia akimenya viazi na mama yake. Mizizi haikuwa inanyamaza. Ilikuwa ikipokezana habari kwa nyuzi za kuvu zilizoko katikati ya mche na mche, na jembe la trekta lilikuwa likizikata. Aliacha viazi akaandika mpaka wino ukaisha. Hiyo ndiyo ikawa sura ya nne, na hata watu waliokuwa wakimwonea huruma kabla ya hapo waliacha, wakaanza kumwonea wivu.

*

Otilia alipokwenda kumuuliza kama mbegu yake ilikuwa Galus, Profesa Ansgar Mwinuka, msimamizi wao, hakukana. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, anayekumbuka majina ya watoto wa wafagiaji. Alimvutia Otilia kiti, akamuuliza kama kichwa kinauma, kisha akamweleza kama mtu anayeeleza ratiba.

"Mchanganyiko unarudisha maneno," akasema. "Haurudishi ubingwa. Nimemwona mtafiti mwenye kiraka cha mchanganyiko. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya mihogo. Sasa anauza simu mjini. Anaongea vizuri sana."

"Galus alikuwa hai walipochukua mbegu?"

"Mashine ndiyo iliyokuwa ikipumua, mwanangu."

"Nani aliruhusu?"

"Mwanafunzi akiwa safari ya kikazi mlezi wake ni chuo. Siku ile chuo kilikuwa mimi." Alivua miwani. "Nilikuwa na wanafunzi wawili, wote nusu. Nikaweza kupata mmoja mzima. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Kufa kufaana."

Otilia aliichukia methali ile tangu hapo, na bado anaichukia.

"Na sura ya nne ni ya nani?"

"Mbegu si mavuno. Shamba ni lako, jasho ni lako."

"Profesa, wewe hujawahi kulima. Anayeleta mbegu anadai."

Mzee alitabasamu kidogo, akasema hilo ni jibu ambalo Galus angelitoa, kisha akaona alichosema na tabasamu likamtoka. Ndipo akamwambia la mwisho, na alilisema bila kumtisha, na ndiyo maana lilimwingia. Akimtaja Galus mbele ya jopo watahini watauliza marehemu alichangiaje sura iliyoandikwa yeye akiwa amezikwa. Akiwajibu, wataifuata sheria. Mbegu ya mtu ambaye hakuridhia inazimwa. Hakuna rufaa, hakuna mbegu ya pili, ubongo ukishazoea moja haupokei nyingine.

"Na mimi nitafungwa," akaongeza. "Lakini mimi nimeshakula chumvi. Niondoe mimi kwenye hesabu."

Otilia alitoka akisoma kila kibao cha mlango kwenye korido, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ndogo. Maktaba. Mhasibu. Maliwato. Aliyasoma maneno yale kwa uchoyo.

*

Imelda alimfuata nyumbani juma moja kabla ya utetezi wa tasnifu. Alikuja bila fimbo na bila matusi.

"Kamwene," akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, dada. Karibu ndani."

Mama yake Otilia aliwaletea chai akatoka, na namna alivyoiweka mezani ilionyesha kwamba alikuwa amesikia habari zote na ana upande. Kwa mama huyo hapakuwa na la kujadili. Yeye mtoto wake alikuwa amekufa mara moja tayari.

"Sikuja kushtaki," Imelda akasema. "Ningetaka kushtaki ningekwenda polisi, siyo kwako. Nataka kitu kimoja. Nataka jina la mdogo wangu lisemwe mbele ya wale watu. Alisoma miaka yote ile, akazikwa bila hata cheti. Wewe useme tu, sura ya nne ni ya Galus Lulandala. Halafu chukueni udaktari wenu."

"Nikisema watazima."

"Najua. Profesa wenu alinipigia. Alitaka kunilipa nisije." Imelda aliigeuzageuza bilauri ya chai bila kunywa. "Sikwambii ni jambo dogo. Nimekuja kukuomba jambo kubwa. Mtu huenda kwa mtani wake akiwa na jambo la kuomba ambalo hawezi kuliomba kwa ndugu."

Otilia aliweka chai yake chini. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa likimnyima usingizi.

"Angekuwa yeye kwenye nafasi yangu, angesema?"

"Galus? Angesema. Alikuwa mjinga hivyo." Imelda akamtazama sana. "Wewe huoni kwamba angesema? Si uko naye humo?"

Na kweli aliona. Jibu lilikuwepo humo kichwani, wazi, la kichangamfu, limeshavaa viatu. Angesema, tena angesema akicheka. Otilia akatazama jibu lile na kwa mara ya kwanza akaweza kutenganisha wapi anakoishia Galus na wapi anakoanzia yeye, maana yeye alikuwa akiogopa.

"Nitasema," akasema.

Imelda alisimama. Alimvua kilemba bila kumwomba ruhusa, akakishika kichwa kile kwa mikono miwili, vidole juu ya kovu, akaweka paji la uso wake pale. "Bwana Shauri," akanong'ona. "Umekonda, Bwana Shauri." Machozi yake yalimtiririkia Otilia shingoni. Otilia alimkumbatia, na hakujua ni nani kati yake na Galus aliyekuwa akimkumbatia dada yule, na aliona raha ambayo hakuwa na haki nayo.

*

Tangu viraka vianze kuingia madarasani, chuo kile kilikuwa na desturi yake. Mtahiniwa hasaini tamko. Anasimama mbele ya jopo na mbele ya yeyote aliyekuja kusikiliza, anaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, anasema: Kilichomo humu ni changu. Asiyeweza kusema hivyo anaeleza kipi si chake, na jopo linaamua.

Ukumbi ulijaa. Imelda alikaa safu ya nyuma amevaa lile gauni la misa, na pembeni yake aliacha kiti kitupu akaweka mkoba wake juu yake ili mtu asikikalie. Mama yake Otilia alikaa mbele kabisa. Profesa Mwinuka alitazama karatasi zake.

Otilia akasimama, akaweka kiganja kichwani. Kovu lilikuwa la moto. Alikuwa amelala akilifanyia mazoezi lile jina, ameamka nalo, amekuja nalo njia nzima.

Mezani mbele yake palikuwa na bilauri ya maji. Bilauri, akafikiri. Maji. Meza. Dirisha, na nje ya dirisha mtu anafua pazia, na pazia lina maua, na maua yale yanaitwa mabawa-ya-malaika, jina ambalo mama yake alimfundisha tena akiwa na miaka thelathini na mmoja. Yote yalikuwa na majina. Akamtazama mama yake. Alijua ni mama yake. Akamwona pia kama alivyokuwa akimwona kule wodini, mwanamke mgeni mwenye beseni.

Mwenyekiti wa jopo akakohoa kwa adabu.

"Kilichomo humu," Otilia akasema, "ni changu."

Hakuna radi iliyopiga. Watahini walifungua kurasa zao wakaanza kuuliza, na alijibu. Na hapa ndipo pabaya zaidi: alijibu vizuri kuliko alivyowahi kujibu maishani. Walipofika sura ya nne mtahini kutoka nje alijaribu kumbana, naye akamgeuzia swali lake, akalifungua, akamwonyesha ndani, na ukumbi ukacheka kwa kufurahi. Alisahau kabisa alichokuwa amefanya. Kwa muda ule wote alikuwa na furaha tupu, na ile furaha haikuwa na hofu hata kidogo, kwa hiyo alijua ilikuwa ya nani. Galus alikuwa akitetea tasnifu yake.

Walipomtangaza, watu walisimama wakapiga makofi. Alitazama nyuma akitumaini kiti cha Imelda kiwe wazi, ametoka kwa hasira. Imelda alikuwepo. Alikuwa amesimama na wenzake, mkoba begani, akipiga makofi kama wengine walivyopiga, na wengine walipoacha kupiga naye akaacha.

*

Alikaa mwezi mzima kabla ya kuthubutu kwenda. Alijiambia atakwenda kama mtani. Mtani aliyekosea anaingia kwa kelele, anaanza yeye matusi, anapakwa majivu, anafukuzwa kwa mwiko, wanacheka, halafu wanakaa kusema ya kweli. Njia hiyo ipo, na imesuluhisha makosa makubwa kuliko lake, alijidanganya.

Kwa hiyo alifungua geti kwa kishindo.

"Wala mbwa!" akapaza sauti. "Mpo? Au mmejificha na nyama?"

Imelda alikuwa uani akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Aliyafunga, akaweka kalamu, akasimama. Aliingia ndani, akatoka na kiti cha sebuleni, kile cha mito, akakipangusa kwa kanga safi.

"Shikamoo, Daktari," akasema. "Karibu ukae."

Otilia alibaki amesimama. Imelda alikuwa amemzidi miaka kumi na miwili.

"Dada, usinisalimie hivyo."

"Karibu, Daktari. Samahani hapa uani pachafu. Tungejua unakuja tungefagia."

Alileta chai katika vikombe vya wageni, na sahani ndogo ya karanga, na kitambaa cha mkono. Aliuliza hali ya mama. Aliuliza hali ya kazi. Alisema amesikia mashamba ya Njombe yameanza kutumia zile sindano na kwamba serikali imefanya vizuri. Kila jibu alilitikia kwa kichwa na kusema vyema, vyema. Otilia aliweka kikombe chini.

"Nitukane," hatimaye akasema. Alikuwa akilia wazi sasa. "Niliogopa, dada Imelda. Niliogopa tu, nikasema uongo. Nipake majivu. Nivue nguo mbele ya majirani. Nitukane hata tusi moja."

"Siwezi, Daktari."

"Kwa nini usiweze? Mimi si mtani wako?"

Imelda alifikiri. Hakuwa na hasira. Otilia aliitafuta usoni mwake hakuiona.

"Watani wangu ni Wangoni," akasema. "Mngoni akiniahidi jambo hunitania, lakini hulifanya. Ndugu zangu ni Wahehe. Wewe sikufahamu ni nani, na mtu nisiyemfahamu nilifundishwa kumheshimu."

Akamsindikiza mpaka getini, kama mgeni anavyosindikizwa, akatembea hatua moja nyuma yake. Akamtakia safari njema, akarudisha komeo.

Otilia alisimama barabarani. Alijua ni ubao gani kwenye uzio ule unaosogea ukiusukuma kwa bega, na chumba kipi kinavuja masika, na sauti ya dada akikariri kwa ajili ya mtihani. Hakuwahi kulala katika nyumba ile hata siku moja. Aliililia kama mtoto aliyefungiwa nje ya kwao.